Nimesoma herufi zilizorahisishwa, sasa natumwa Taiwan. Nianze upya?

Kadzo_Barani

Salamu wadau, kutoka Malindi. Huwa nasoma hapa na kupita zangu, leo imebidi niandike.

Niko kwenye mafunzo ya umisionari. Ni kundi dogo la kanisa, tunaishi pamoja nyumba moja mpaka kila mtu apelekwe alikopangiwa. Mimi tangu mwanzo niliambiwa nitaenda "kwa Wachina", bila kutajiwa ni wapi. Nikaanza na nilichokuwa nacho: vitabu vya HSK, mtihani wa Kichina wa China Bara, alivyoniachia rafiki aliyesomea Nairobi, na programu ya simu. Vyote ni vya herufi zilizorahisishwa, zile za China Bara. Nimefika mahali nasoma hadithi za watoto, na mtu akiongea polepole namfuata. Majuzi kituo kimetajwa: Taiwan. Huko wanaandika herufi za jadi, na mwalimu mpya niliyepewa, mama mmoja wa Taichung tunayesoma naye kwa simu, hataki hata kuiona pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za ABC. Anafundisha kwa bopomofo, alama za matamshi za huko Taiwan.

Mjue siku zetu zilivyo, ndipo mnishauri. Tunaamka kabla ya jua. Sala, halafu kila mtu na zamu yake: wa kufagia, wa kuchota maji mfereji ukikauka, wa kupika uji. Darasa langu la Kichina ni saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu kwao ni saa tano na mwalimu ana nafasi. Saa hiyo hiyo ndiyo ya uji. Mwenzangu mmoja ananishikia mwiko, nami namlipa kwa kusugua masufuria yake ya jioni, na masufuria ya ugali wa watu wengi mnayajua. Baada ya chai ni Biblia na somo la tamaduni mpaka adhuhuri. Alasiri tunatembelea watu Muyeye, Maweni, mara nyingine hadi Ganda: wagonjwa, wazee, mama waliojifungua. Usiku, stima ikiwepo, kusoma na kuandika barua kwa wanaotuchangia. Hii kazi ya barua haitajwi sana watu wakizungumzia umisionari. Mama anayeuza samaki ametoa mia mbili yake, anataka kujua imefanya nini. Hataki mafungu ya maneno, anataka kuambiwa: wiki hii umejifunza nini ambacho wiki jana hukukijua?

Herufi naziandika kwenye daftari la miraba, lile la hesabu la watoto, kila herufi kwenye mraba wake. Jumamosi nalala kwa hawe, nyanya yangu mzaa mama, Barani. Kwake nimebandika karatasi kila mahali: mlango, ndoo, redio, taa. Hawe hakuenda shule. Lakini mkebe wa sukari na wa chumvi inafanana, yote ni ile ya maziwa ya watoto, na sasa anaitofautisha kwa Kichina. Sukari 糖, chumvi 盐. Juzi nikabandua karatasi ya chumvi nikaweka ya jadi, 鹽. Ile ya kwanza ina mistari 10 ya kalamu, hii ina 24. Hawe akaishika, akaigeuza, akaniuliza: "Hii ni chumvi au ni ugomvi?" Akaing'oa, akairudisha ya zamani kwa uji wa sima.

Basi maswali yangu. Nianze upya na herufi za jadi au niendelee nilipo, nizigeuze nikifika? Toni, yaani ule mpando na mshuko wa sauti unaobadilisha maana ya neno, nizikamate vipi? Mbele ya mwalimu natamka sawa, nikiwa peke yangu zinalainika zote zinakuwa Kiswahili. Na kwa mtu asiye na saa nzima ya kukaa chini kwa siku, mngeanza na nini?

Lile swali la "kwani Malindi wameshaokoka wote?" naomba mlipishe. Nimelijibu sokoni, nimelijibu kwa msusi.

---

Mkenya_Taichung

Dada Kadzo, karibu sana. Niko mji huo huo wa mwalimu wako, nasoma uhandisi.

Usianze upya. Hizo si lugha mbili, ni maandishi ya lugha ile ile, na tofauti nyingi zinakwenda kwa mafungu. Upande wa kushoto wa 说, 请 na 语 ni kitu kimoja kilichofupishwa. Huku utaviona 說, 請, 語. Ukishaujua ule upande, umejua herufi kadhaa kwa mpigo. 马 huku ni 馬, kwa hiyo 妈 ni 媽 na 吗 ni 嗎. Halafu kuna rundo kubwa ambalo halikuguswa kabisa. Hiyo sukari ya hawe wako ni ile ile huku na huko.

Tenganisha kusoma na kuandika kwa mkono. Kusoma herufi za jadi anza leo. Kuandika kwa mkono kutakusubiri, maana watu wenyewe wanaandika kwa simu. Kwa kalamu utahitaji jina lako, anwani, na fomu za uhamiaji. Ukiziweza hizo, mengine polepole.

Bopomofo usiipige vita. Ni alama 37 tu. Vitabu vya watoto huku vimeandikwa hizo alama pembeni ya kila herufi, na hata Biblia zipo za namna hiyo. Mtu mzima anayeanza anapata kusoma kwa sauti ukurasa mzima bila kukwama, na kwa kazi yako hilo lina maana kuliko cheti. Cheti cha huku pia ni kingine, wanaita TOCFL, si HSK.

Sasa maisha. Hapa takataka huachi nje. Lori linapita kwa saa yake, linapiga muziki, na kila mtu anashuka na mfuko wake mkononi. Kichina changu kingi nimekiokota hapo pembeni ya barabara tukingoja lori. Mabibi wa mtaa wamenifundisha kutenganisha taka, wameniuliza kama nimekula, kama nimeoa, kwa nini nimekonda. Siku ya kwanza nilielewa neno la kula peke yake. Ukipanga chumba, usipange jengo la kifahari lenye chumba chao cha taka, utakosa darasa. Na wazee wengi wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kitaiwani, si Kimandarini. Usishtuke ukidhani umesahau kila kitu.

Jambo jingine naona wenzako wa huko hawakwambii. Wakristo huku ni wachache sana. Majirani wana madhabahu ndogo nyumbani, asubuhi unasikia harufu ya ubani ngazini. Wapo wamisionari wanaofika hapa hawajawahi kuishi siku moja wakiwa wachache, wanachanganyikiwa mwaka mzima. Wewe umekulia mji wa adhana, umekula pilau la Idi kwa jirani na yeye kala Krismasi kwenu. Hiyo tayari unayo, na haifundishwi darasani.

China Bara ni habari nyingine: mgeni hahubiri watu bila kibali, na kanuni za dini zilizorekebishwa zimeanza kutumika Februari 2018. Huku uko huru.

---

Fundi_wa_Amu

Mimi nitampinga kidogo huyo ndugu wa Taichung. Herufi, herufi, herufi! Dada ameuliza toni mkamjibu herufi.

Mimi ni mtu wa Amu, nimefanya kazi ya stoo kule bandari mpya ya Lamu, Magogoni, wakati gati la kwanza linajengwa, lile lililofunguliwa Mei 2021. Kichina nilikiokota kazini, sijui kuandika hata jina langu. Nilianza na namba, tena si kwa mdomo. Kelele za mitambo haziruhusu mdomo. Wachina wanahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja: sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho, vingine umevikunja. Mtu yuko juu ya mtambo anakuonyesha sita, unampelekea sita. Kisha anashuka anakutamkia, nawe unamrudishia, anacheka, anakutamkia tena. Baada ya namba yakaja majina ya vifaa, baada ya vifaa yakaja matusi, baada ya matusi nikaanza kuelewa wanachozungumza wakati wa chakula.

Toni, dada, wewe ni Mgiriama, sivyo? Basi nakushangaa. Kigiriama kina toni! Kiswahili ndicho kilichozipoteza. Unapoongea na hawe wako sauti yako inapanda na kushuka kwa kanuni na wala hujui kama unafanya hivyo. Sisemi ni toni zile zile. Za Kimijikenda zinatembea, zinahama kutoka silabi hii kwenda ile, na za Kichina kila silabi imebeba yake. Lakini sikio lako limeshazoea kwamba sauti ni sehemu ya neno. Ukizungumza Kichina anzia kwa hawe, usianzie kwenye Kiswahili cha shule. Jaribu hivi: ongea naye Kigiriama kwanza robo saa, kisha ndio ufungue somo.

Na ile p na b ya pinyin inayowasumbua watu wa Nairobi, kwetu pwani ni bure. B yao si b yetu. Ni p isiyo na pumzi, na p yao ni yenye pumzi. Sisi watu wa Amu tukisema paa la nyumba na p'aa wa porini tunazitenganisha kwa pumzi hiyo hiyo. Kaa la moto na k'aa wa baharini, vivyo hivyo, na huko ndiko g na k yao. Weka kiganja mbele ya mdomo utahisi. Mwambie mwalimu wako akutajie maneno mawili mawili ya namna hiyo, utayapata siku ya kwanza, wenzako watakuuliza umeyatoa wapi.

---

MamaSaumu

Kadzo mwanangu, mimi jirani yako wa Shella. Mimi Mwislamu, unachokwenda kuhubiri sina la kusema, hilo utajibu mwenyewe. Kwenye kusoma ndiko nataka kuchangia, kwa sababu nimesomesha watoto.

Huyo mtu wa Amu anasema kweli, lakini nusu. Ndugu yangu alijua Kiitaliano kwa kuuza vinyago upande wa Casuarina. Darasa hakuingia, kama vijana wengine wengi wa Malindi. Akikaa na wageni wanasahau kama yeye si mtu wa kwao, anawachekesha mpaka wanalia. Ikaja nafasi ya kazi ya mapokezi hotelini, akapewa karatasi ajaze kwa Kiitaliano, akashindwa kuisoma. Nafasi ikachukuliwa na mtu anayeongea Kiitaliano cha kitabu, kibaya, lakini anasoma. Ndugu yangu bado anauza vinyago. Kwa hiyo mdomo peke yake haukutoshi, mwanangu.

Hilo la toni lishughulikie kama tunavyofanya kwetu kwenye chuo cha Kurani. Mtoto hapewi kuandika kwanza wala maana kwanza. Anakaa mbele ya ustadhi, anaambiwa herufi itokee wapi kooni, anairudia kwa sauti kubwa. Si kimoyomoyo. Kwa sauti! Na haruhusiwi kwenda mbele mpaka mdomo umekaa. Aya moja mtoto anaweza kukaa nayo siku tatu, watoto wa mbele yake wanamcheka, hasogezwi. Wewe naona mwalimu anakupeleka mbele kila siku na jambo jipya kwa vile mnalipia saa. Mwambie akupe sentensi tano tu, akurekodie kwa simu yake. Uzisome nyuma ya sauti yake ukisugua hayo masufuria, mpaka sauti yako na yake zisigongane. Kisha tano nyingine. Saa ya kukaa chini huna, lakini mdomo wakati wa masufuria hauna kazi.

Na huko barabarani unapokwenda kwa wagonjwa, je, mnakwenda kwa miguu? Basi hapo pia.

---

Mzee_Kibokoni

Binti, umetaja Malindi na Uchina pamoja, nami siwezi kunyamaza.

Watu wa huku wanadhani safari yako ni ya ajabu. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Uchina mwaka 1415, na makaburi ya Mambrui mpaka leo yana mnara uliopachikwa mabakuli ya Kichina. Hao ni Wachina waliokuja na sisi tuliokwenda. Katika dini yako yupo mwingine. Ile kanisa ndogo ya Wareno, yenye makaburi, kando ya bahari, unaipita kila siku. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alitia nanga hapa Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, wakamzika mtu wao aliyefia melini. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mkubwa mmoja wa Waislamu wa mji alimjia akamuuliza kama huko kwao watu wanakwenda makanisani, kwani hapa katika misikiti 17 ni mitatu tu iliyobaki na watu. Wawili wa dini tofauti, wanalalamika kuhusu vijana. Nikisoma hapo huwa nacheka.

Miaka kumi baadaye, 1552, mtu huyo huyo alifika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya Guangdong, akingoja mashua ya kumvusha kuingia Uchina. Mkalimani aliyekuwa naye alikuwa Mchina, lakini alilelewa chuoni Goa na Kichina chake kilikuwa kimemtoka. Mashua haikuja. Xavier alifia pale pale kisiwani mwezi wa Desemba.

Sikwambii hivi kukutisha. Nakwambia kwa sababu alikwenda kwa kutegemea ulimi wa mtu mwingine, na wewe naona hutaki hivyo. Vizuri.

---

Kadzo_Barani

Wazee na ndugu zangu, shikamooni nyote. Nimesoma kila mmoja mara mbili, mengine nimemsomea hawe. Babu wa Kibokoni, ile kanisa kweli naipita, na hilo la misikiti 17 sikulijua. Nitalibeba kwenye barua ya mwezi huu. Mama wa samaki litamfurahisha.

Mama Saumu, tunakwenda kwa miguu, ndiyo. Mwalimu amekubali sentensi tano. Amecheka akasema kumbe ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa mashairi akiwa mdogo. Leo asubuhi nimesugua sufuria na "naomba kuuliza, kituo cha treni kiko wapi" mpaka mwenzangu wa zamu akaanza kunijibu kwa Kigiriama kwamba Malindi hakuna treni.

Kaka wa Amu, nimejaribu kiganja. Ni kweli! Paa na p'aa ninazisema hivyo hivyo tangu utotoni, shuleni hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba ni sauti mbili. La Kigiriama bado nalipima. Nikitoka kwa hawe toni zinakaa vizuri zaidi, lakini sijui kama ni Kigiriama au ni kwa vile kwa hawe nimelala vizuri.

Ninachobishana nacho ni hili la kuacha herufi mpaka baadaye. Kaka, wewe uliishi nao, kila siku walikusemesha. Mimi Malindi Mchina wa kuongea naye sina. Herufi ndizo ninazoweza kuwa nazo usiku stima ikipotea, kwa kibatari. Kwa hiyo nimeamua: asubuhi mdomo, usiku macho. Kusoma jadi tu, kuandika kwa mkono naacha isipokuwa jina na anwani kama alivyosema kaka wa Taichung. Msimamizi wetu wa mafunzo hakupenda, anataka usiku wote uwe wa masomo ya Biblia. Tumekubaliana kwamba masomo ya Biblia ya usiku niyasome kwa Kichina, Injili ya Marko, polepole, mstari mmoja au miwili. Akaona amenishinda, nami nikaona nimemshinda.

Swali la mwisho kwa kaka wa Taichung. Hao mabibi wa lori la taka, nikifika nitaanza nao vipi? Mtu mweusi anashuka na mfuko wake, hajui kutenganisha taka, hawatakimbia?

---

Mkenya_Taichung

Watakimbia kuja kwako, dada. Utaguswa nywele. Ukiwa umesuka, jiandae kusimulia kila usuko.

Huku kulikuwa na mmisionari Mkanada, George Mackay, alishuka Tamsui, kaskazini mwa Taiwan, mwaka 1872, lugha ndiyo kwanza anaianza. Kitaiwani alikipata kwa vijana wachunga ng'ombe. Alikuwa akipanda kwao milimani, anakaa nao machungani, anarudia wanachosema. Baadaye alijulikana zaidi kwa kung'oa meno kuliko kitu kingine, watu wanasimama tu uwanjani anawang'oa. Sanamu yake iko Tamsui, ana ndevu hizo! Sikwambii ung'oe meno. Lakini kila anayekuja hapa na kitu cha kufanya kwa mikono anajifunza haraka kuliko anayekuja na daftari. Wewe unajua kusuka, kupika mahamri, kutembelea wagonjwa. Anza na mahamri. Iliki huku ipo, tui la kopo lipo, unga wa ngano upo.

Unga wa ugali ndio shida. Mweupe hutaupata kirahisi, ukipata ni ghali. Weka kilo mbili sandukuni, na kabla hujapanda ndege uwe umezimaliza zile alama 37. Tarehe ikijulikana niandikie hapa hapa. Kutoka uwanja wa Taoyuan mpaka Taichung ni basi au treni ya mwendo kasi, na ukifika usiku mwanzo wa kila kitu unakuwa mgumu bila sababu. Omba ndege ya mchana.

---

Fundi_wa_Amu

Na jifunze kuhesabu kwa mkono. Sita na kumi hasa. Sokoni zitakusaidia kabla ya herufi zako zote.